Mshale Usiojua Pa Kusimama

Kwa miaka kumi na tisa Masha Kaviha aliishi na geji nne za kupimia presha ya maji, zilizopangwa ukutani. Zilikuwa ndani ya kibanda cha pampu, chini kabisa ya machimbo ya mawe upande wa Bamburi, na kazi yake ilikuwa kuyatoa maji ya shimo yasiwafikie wachimbaji magotini. Pampu zilinguruma, naye aliketi juu ya kreti akiiangalia mishale ya geji kama mama anavyomwangalia mtoto mwenye homa. Mshale ukishuka, alijua pampu inavuta upepo. Mshale ukipanda kupita kiasi, alijua maji yamekosa njia huko mbele, na asipowahi, mpira utapasuka na wanaume wazima watatoka shimoni wakikimbia. Mambo hayo hakufundishwa na mwalimu. Shule aliiacha darasa la tano huko Kaloleni. Alifundishwa na pampu zenyewe, na pampu hazina subira na mwanafunzi mzembe.

Mwaka 1986 zililetwa pampu mpya za umeme zilizojiwasha na kujizima zenyewe, na watu wa kibandani wakaambiwa ahsanteni. Siku ya mwisho, msimamizi wake aling'oa geji moja ya shaba ukutani, akaifuta kwa kitambaa, akampa awe na kumbukumbu. Masha akaenda nayo nyumbani Kisauni, akaitundika sebuleni juu ya kabati la vyombo. Mkewe, Jumwa, alisimama akaitazama kwa muda mrefu.

"Wenzio wakistaafu hupewa saa," akasema. "Wewe umepewa saa isiyosema saa ngapi."

Hivyo ndivyo Masha, mtu wa miaka arobaini na minne mwenye mvi za kuhesabika, alivyoanza kazi upya katika gereji ya Mzee Mwinyihaji huko Magongo.

Mzee Mwinyihaji alikuwa Mdigo wa Likoni, mnene, mpole wa sauti, na hapakuwa na dereva wa lori kutoka bandarini hadi Mazeras asiyemjua. Gereji yake ilikuwa na desturi moja iliyojulikana barabara nzima. Mtu hakuitwa fundi pale kwa kujua kushika spana. Alifanya kazi na shati lake la nyumbani, mwaka au miaka, mpaka siku ambayo Mzee mwenyewe angeridhika. Ndipo mkewe, Mwanarehema, angemshonea ovaroli ya buluu huko Likoni, jina lake likitariziwa kifuani kwa uzi mwekundu. Ovaroli hiyo haikununuliwa wala kuombwa. Waliokuwa nayo walikuwa watano, na wa kwanza wao alikuwa Tsuma, fundi mkuu wa injini, kijana mwenye mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Tsuma ndiye aliyembatiza Masha jina la Bwana Maji.

"Bwana Maji, niletee spana kumi na saba! Au kule kwenu mlifungua nati kwa ndoo?"

Masha alicheka kidogo, akaileta. Kwa miezi kumi alipaka grisi, akamwaga oili chafu, akatia oili safi, akabadilisha filta. Kazi hizo ndogo alizifanya kwa utaratibu uleule, hata wenzake wakachoka kumtania juu yake: filta aliizungusha kwa mkono mpaka ikashika, halafu robo tatu ya mzunguko, kisha akafuta na kuigusa kwa kidole kuona kama kuna unyevu. Mwezi wa nane wa kazi yake Mzee Mwinyihaji alimpima mabega kwa macho, akamwuliza, kana kwamba anauliza hali ya hewa, kama huvaa nguo pana au ya kubana. Masha hakulala vizuri juma zima. Alijua maana yake.

Ndipo likaja gari la Mastura.

Mastura alikuwa mwanamke wa Mji wa Kale mwenye duka la vitambaa vya maharusi, na starehe yake kubwa duniani ilikuwa kuendesha gari kwa kasi ambayo mama yake hakupenda kuisikia ikitajwa. Alikuwa na gari la mbio jekundu, la milango miwili, lenye boneti ndefu na viti vilivyo chini hata ukikaa waiona dunia kwa jicho la paka. Buibui alilikunja vizuri akaliweka kiti cha pembeni, helmeti akaivaa juu ya mtandio. Jumapili iliyokuwa inakuja kulikuwa na mashindano ya chama cha madereva wa Pwani, ya kupanda kilima nyuma ya Mazeras, na Tsuma alikuwa amemaliza kuifumua injini na kuiunga upya, ringi mpya na beringi mpya. Masha alitia oili na kufunga filta. Ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Tsuma akawasha. Mshale wa presha ya oili ukaruka kutoka sufuri hadi mwisho wa geji, kwenye mia, ukabaki pale ukitetemeka.

"Tizama!" Tsuma akapaza sauti. "Presha ya kijana wa miaka ishirini!"

"Si imezidi?" Mastura akauliza, ameinama dirishani. "Mbona yafika mwisho?"

"Bibie, presha ya kuogopwa ni ya chini. Hii ni afya. Sikiliza sauti yake." Na injini ikiwa bado baridi kama maji ya mtungi, akakanyaga mafuta mpaka gereji nzima ikavuma.

Kitu kikalia chini ya boneti, kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi. Oili ikaruka ukutani, ikaruka sakafuni, na Tsuma aliporuka nje kutazama, ikamrukia kuanzia kidevu hadi kiatu. Akaingiza mkono dirishani, akazima injini. Oili ikazidi kudondoka.

"Nani alifunga filta?" Tsuma akauliza, ingawa wote walijua.

Mzee Mwinyihaji akaja polepole akijipangusa mikono. Aliiangalia oili, akamwangalia Masha.

"Masha, filta ni kazi ya dakika tatu."

"Nimeifunga kama nifungavyo siku zote, Mzee. Mkono, halafu robo tatu."

"Basi mkono wako leo ulikuwa kwingine." Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma Masha. "Gari hili lingekuwa kilimani, binti wa watu angekuwa ameua injini, au amejiua mwenyewe. Maliza juma hili. Jumatatu usije."

Tsuma akafunga filta mpya kwa mkono wake mwenyewe, akatia oili, akawasha tena. Safari hii, kwa kuwa alikuwa na hofu, hakukanyaga. Aliiacha injini ijizungukie taratibu mpaka ikapata moto. Filta haikuvuja hata tone. Watu wakatikisa vichwa. Kumbe ni kweli, kosa lilikuwa la Bwana Maji.

Lakini Masha alikuwa ameiokota ile filta ya kwanza. Aliigeuzageuza. Kopo lake la bati, lililokuwa limenyooka alipolitoa kwenye boksi asubuhi, sasa lilikuwa limefura kama mkate wa bofulo unaotoka tanurini. Mpira wake ulikuwa umesukumwa nje ya mfereji wake upande mmoja. Akaketi juu ya gurudumu la lori na kuitazama. Filta iliyolegea huvuja. Haivimbi. Ili bati livimbe, lazima kitu kilisukume kutoka ndani, na kwa nguvu.

Akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Akaenda hadi dirishani mwa gari, ambamo Mastura sasa alikuwa ameketi kwenye usukani.

"Bibie, nakuomba ukanyage mafuta polepole. Mimi niutazame mshale tu."

Mastura akakanyaga. Injini ilipokuwa ikinguruma taratibu, mshale ulisimama thelathini. Ilipoongeza mwendo ukaenda hamsini, sitini, sabini. Ukaendelea. Themanini. Tisini. Masha akamwashiria aachie.

"Mzee," akasema, "mshale huu haujui pa kusimama."

Tsuma akacheka. "Bwana Maji, hii ni injini, si kisima!"

"Pampu ni pampu, Tsuma. Iwe inasukuma maji, iwe inasukuma oili."

"Labda oili mliyotia ni nzito mno," Mastura akasema. Alikuwa mtu wa kutaka kujua, wala hakutaka kufichwa.

"Ingekuwa nzito, mshale ungekuwa juu hata injini ikinguruma taratibu. Huu hapo umetulia thelathini, vizuri kabisa. Shida ni mwendo unapoongezeka. Ungepaswa kufika mahali ukasimama, hata ukikanyaga vipi."

"Basi geji ni mbovu," akasema Tsuma. "Yameisha. Geji husema uongo kila siku."

"Yawezekana," Masha akakubali. "Lakini geji mbovu haiwezi kuvimbisha filta." Akainua lile bati, wote wakaliona. "Nyumbani nina geji yangu. Nipeni mpaka kesho asubuhi. Nitazifunga zote mbili, tuone ipi yasema kweli."

Mzee Mwinyihaji alikunja uso. Lakini Mastura alikwisha kushuka, na funguo alikuwa nazo yeye.

"Ami Mwinyihaji, gari ni langu na shingo ni yangu. Kesho aje na geji yake."

"Haya, mwanangu." Mzee akamgeukia Masha. "Kesho. Ukikosea, hata hilo juma hulimalizi. Na barabara hii yote watajua kwa nini."

Masha alijua kwamba hayo hayakuwa maneno ya kutisha tu. Magongo nzima ilikuwa gereji moja ndefu. Mtu aliyetolewa kwa uzembe mlango mmoja hakupokewa mlango wa pili.

Jumwa hakuuliza mengi jioni ile. Aliishusha geji ukutani, akaipangusa vumbi, akaiviringisha ndani ya leso yake ya zamani.

"Irudi, hiyo," akasema. "Nishaizoea ilivyo kimya."

Ijumaa asubuhi hakuna aliyegusa lori. Mafundi wote watano walisimama na ovaroli zao za buluu, mikono kifuani, kama watu waliokuja kutazama ngoma. Masha alitafuta kipande cha paipu ya shaba katika mabaki ya lori, akakiunganisha, akaifunga geji yake pale ambapo oili inatoka kwenye injini kwenda kwenye geji ya gari. Mastura akaketi kwenye usukani, akawasha, na Masha akaiacha injini ipate moto. Hakuwa na haraka. Tsuma alipiga miayo kwa makusudi.

"Kanyaga, bibie. Sema yako, nami nitasema yangu."

"Arobaini!" Mastura akaita kutoka ndani.

"Arobaini," Masha akasema mbele ya boneti.

"Sabini!"

"Sabini."

"Tisini na tano!"

"Tisini na tano. Achia."

Hapakuwa na aliyecheka. Geji ya gari ilikuwa inasema kweli.

Masha akaenda kwenye mpira wa kuoshea magari, akafungulia bomba na kuziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Mpira ukakakamaa mkononi mwake kama nyoka aliyekasirika.

"Hapa presha ni kubwa," akasema, "lakini maji yanayotoka ni kidogo. Presha kubwa si afya, Tsuma. Ni kitu kinachosukumwa na hakipati njia. Kule machimboni kila pampu ilikuwa na mlango wa kupumulia. Mlango mdogo tu, umebanwa na springi. Presha ikifika kiasi chake, springi inashindwa, mlango unafunguka, kinachozidi kinarudi kilikotoka. Hapo mshale husimama. Na injini hii lazima inao mlango huo. Naapa haufunguki. Injini ikiwa baridi oili ni nzito kama asali, mtu akikanyaga, presha yote inakwenda kutafuta mahali palipo dhaifu. Jana ilipata filta. Jumapili ingeipata tena, huko kilimani."

Mzee Mwinyihaji alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa. Neno springi lilipotajwa, aliinua uso taratibu, na rangi yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Fungua," akasema.

Masha alitambaa chini ya gari. Ubavuni mwa injini kulikuwa na bolti nene, peke yake. Akailegeza kwa spana, akaimalizia kwa vidole, akaitoa. Springi ikamteleza mkononi. Nyuma ya springi zikafuata washa mbili nyembamba za chuma, vile visahani vyenye tundu katikati, zikaanguka kiganjani mwake, moja juu ya nyingine.

Akatoka chini ya gari, akanyoosha mkono. Hakuhitaji kusema kitu, maana kila mtu pale alizijua. Zilitoka katika kopo la maziwa lililokaa rafuni tangu gereji ifunguliwe. Lori lililochoka likija, presha imeshuka, dereva ana wasiwasi, fundi wa Magongo hutia washa nyuma ya springi hiyo ili iwe ngumu, mshale unapanda, dereva anaondoka anaimba. Mikono ilikwisha kuzoea. Injini yoyote iliyofumuliwa mle ilitiwa washa, kama mpishi atiavyo chumvi kabla hajaonja, na Tsuma alikuwa ametia mbili kwa sababu alitaka gari la mashindano liwe na nguvu zaidi. Kwa injini mpya iliyobana kila upande, zilikuwa zimeuziba mlango.

"Mzee," Tsuma akasema, sauti imemshuka, "kazi hii ulinifundisha wewe."

"Nilikufundisha mimi." Mzee Mwinyihaji alizichukua zile washa, akazitazama kana kwamba ni mara yake ya kwanza. "Miaka ishirini nasukuma mshale juu kwa washa, nasema nimetengeneza. Masha, filta yako ilifungwa sawasawa. Mkono uliokuwa kwingine ni wangu."

Aliyasema hayo mbele ya mafundi wake wote, na mbele ya mteja. Masha alishindwa pa kuweka macho. Akarudi chini ya gari, akairudisha springi peke yake, akakaza bolti.

Injini iliwashwa. Ilipopata moto, Mastura akakanyaga bila kuambiwa, huku akitangaza kama mtu wa redio.

"Arobaini! Hamsini! Hamsini na tano! Sitini!" Injini ikazidi kuvuma. "Sitini! Nakanyaga, jamani, sitini! Wallahi yagoma! Sitini pale pale!"

Kelele zilizopigwa mle ndani ziliwatoa watu wa gereji ya jirani. Fundi mmoja alipiga boneti ya lori kama ngoma. Tsuma alikuja akachungulia ile geji ya shaba kwa muda, akamgeukia Masha.

"Bwana Maji," akasema, "na mimi unifundishe hiyo lugha ya kisima."

Kabla Mastura hajaondoka, Masha alimpa wosia mmoja: asubuhi, oili ikiwa baridi, mshale utapanda kidogo kuliko kawaida, na hiyo si kasoro, asikanyage mpaka ushuke wenyewe. "Nami nitakuwa kilimani," akasema. "Nitajuaje kama mshale umesimama?"

"Utaona mkono wangu," Mastura akamjibu.

Jumapili Masha na Jumwa walisimama kwenye kona ya mwisho ya kilima, katikati ya watu waliopanda juu ya mawe. Magari yalipita moja moja, yakirusha changarawe. Masha hakuangalia hata moja. Kisha ikasikika sauti aliyoijua, safi, isiyokatika, ikipanda kutoka chini. Gari jekundu likatokea, likapinda kona limelala upande mmoja, na dirishani ukatoka mkono umenyooshwa bapa, kiganja kimetazama chini, umetulia kama meza.

"Umesimama!" Masha akapiga kelele, yeye asiyepaza sauti. "Jumwa, umesimama!"

"Nani kasimama? Si anakimbia?" Jumwa akauliza, lakini naye alikuwa anaruka.

Mastura alikuwa wa kwanza katika daraja lake, mbele ya wanaume wanane, mmoja wao ametoka Nairobi na gari juu ya trela.

Jumatatu Masha hakujua kama aende au asiende, maana amri ya Alhamisi hakuna aliyeifuta kwa mdomo. Alikwenda. Juu ya lile gurudumu la lori alilokalia siku ile alikuta ovaroli ya buluu imekunjwa, uzi mwekundu umeandika Masha. Mwanarehema alikuwa ameishona kwa siku mbili tu. Ilikuwa pana mabegani, kwa sababu Masha hakuwahi kulijibu lile swali la nguo pana au ya kubana.

"Fundi Masha," Mzee Mwinyihaji akaita kutoka ofisini, kwa sauti ya kila siku, "vaa, halafu uje unisaidie kuzitoa."

Alikuwa anazungumzia washa. Kila lori lililorudi Magongo miaka iliyofuata lilifunguliwa ile bolti, na Tsuma ndiye aliyeshika spana. Madereva wengine walinung'unika mishale yao iliposhuka. Wakaonyeshwa beringi zilizochoka, wakaelewa kwa nini. Washa zilizotolewa Masha alizipenyeza kwenye waya, na waya ukatundikwa mlangoni. Kufikia mwaka 1993 ulikuwa mrefu hata watoto wa shule waliopita walidhani ni mkufu wa jitu.

Geji ya shaba ilirudi Kisauni, juu ya kabati la vyombo. Mgeni akiuliza hiyo ni saa ya namna gani, Jumwa hujibu kabla mumewe hajafungua mdomo.

"Hiyo? Hiyo ndiyo iliyomshonea mume wangu ovaroli."